Basili na Gregori, rafiki wawili wa Kapadokia

Kila mwaka, tarehe 2 Januari, Eklezya yawakumbuka watakatifu wawili katika Misa moja: Mtakatifu Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria, na Mtakatifu Gregori wa Nazianzo. Zamani kila mmoja alikuwa na siku yake katika kalenda ya Roma, Gregori tarehe 9 Mei na Basili tarehe 14 Juni. Kalenda ilipotengenezwa upya mwaka 1969, sikukuu zao zikawa moja. Wakristu wakiulizwa kwa nini wawili hawa wasifiwa pamoja, wengi hujibu kwamba wote walikuwa walimu wa imani na watetezi wa fumbo la Utatu Mtakatifu. Wamejibu vema. Lakini kabla ya kuwa walimu walikuwa wanafunzi wenye chumba kimoja na meza moja, wakaendelea kuitana rafiki kwa muda wa zaidi ya miaka 25, mpaka Basili alipokufa. Na katikati ya miaka hiyo mmoja alimtendea mwenziwe jambo ambalo yule mwenziwe hakulisahau hata baada ya mazishi.

Habari hiyo twataka kuwasimulia, wasomaji wapenzi. Mara nyingi tunaposema juu ya urafiki wa kikristu twatoa maneno matamu tu, kana kwamba watu wa Mungu hawakoseani kamwe. Kisha mkristu akikosewa na rafiki yake hudhani kwamba urafiki ule ulikuwa uongo tangu mwanzo. Tuwatazame basi hawa wawili walivyokuwa, bila kuwapaka rangi.

Kapadokia ni nchi ya juu katikati ya Asia Ndogo, ambayo leo ni Uturuki. Ni nchi ya baridi na theluji, nayo ilisifiwa zamani kwa farasi wake. Jina lake limo katika Matendo ya Mitume, kati ya majina ya watu waliokuwapo Yeruzalemu siku ya Pentekoste. Mji wake mkubwa uliitwa Kaisaria. Leo waitwa Kayseri. Tusiuchanganye na Kaisaria ya Palestina, mahali Mtume Paulo alipofungwa.

Wote wawili walizaliwa karibu na mwaka 330, yaani miaka michache tu baada ya Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, ambao ulikataa uzushi wa Ario aliyefundisha kwamba Mwana wa Mungu ameumbwa. Basili alitoka katika ukoo wenye mali na wenye imani ya zamani. Nyanya yake, Makrina, aliishi miaka saba mafichoni katika misitu ya Ponto pamoja na mumewe wakati wa dhuluma. Dada yake, mwenye jina lilelile la Makrina, na ndugu zake Gregori wa Nisa na Petro wa Sebaste, huheshimiwa wote kama watakatifu. Baba yake Gregori alikuwa mtu wa dini nyingine, na mkewe, Nonna, alimwombea muda mrefu mpaka akapata Batizo. Baadaye alifanywa askofu wa mji mdogo wa Nazianzo. (Msishangae kusikia askofu mwenye mke na watoto: katika karne ile waume wa ndoa waliweza bado kuchaguliwa.) Basi mtoto wake alikua karibu na altare, tena alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda vitabu na ukimya, mwenye moyo mwepesi wa kuumia. Basili alikuwa mtu wa kazi na amri. Ukimpa Basili nyumba, aona mara moja ukuta gani wahitaji kutengenezwa. Ukimpa Gregori nyumba, atafuta dirisha ili akae na kufikiri. Tofauti hiyo tuikumbuke, maana yatufungulia mengi katika yale yatakayofuata.

Walijuana kwanza shuleni Kaisaria, lakini urafiki wenyewe ulizaliwa Atene, mji wa Wagriki uliokuwa na walimu wakubwa kuliko miji yote. Gregori alifika kwanza. Safarini baharini, karibu na kisiwa cha Kipro, tufani kali iliikamata merikebu yao siku nyingi, na kijana yule alilia kwa hofu, siyo hofu ya kufa tu, bali ya kufa kabla ya kubatizwa. Aliahidi kumpa Mungu maisha yake kama akiokoka.

Wanafunzi wa Atene walikuwa na desturi mbaya ya kuwachezea wageni. Waliolala shule za bweni hawana haja ya kuelezwa. Mgeni alizungukwa, akachekwa, akabishiwa kila neno, kisha akapelekwa kwa msafara mpaka bafuni, wenziwe wakipiga kelele na kugonga mlango kama wenda wazimu. Basili alipotazamiwa, Gregori aliwaendea wanafunzi na kuwaambia ni mtu wa namna gani, mzito na mwenye akili, asiyestahili mchezo ule. Wakamwacha. Huo ndio msaada wa kwanza.

Wa pili haukukosa doa. Vijana fulani wa Armenia, waliomjua Basili tangu nyumbani na kumwonea wivu, walimjia na maswali ya kumnasa. Gregori, asiyejua nia yao, aliwasaidia kwanza kwa maneno, kwa kuwa hakutaka jina la wanafunzi wa zamani lishindwe na mgeni wa juzi. Halafu akatambua kwamba mabishano yale yalitoka katika wivu. Mara moja akageuka, akasimama upande wa Basili, na Waarmenia wakashindwa, nao wakamchukia Gregori wakimwita msaliti. Mambo hayo yote aliyaeleza Gregori mwenyewe alipokuwa mzee, wala hakuficha kwamba alianza upande usiofaa.

Basili alisikitika sana siku zile za kwanza. Alikuwa ametazamia makubwa juu ya Atene, akaona majivuno na kelele. Gregori alimtuliza, akimwambia kwamba mji, kama moyo wa mtu, haujulikani kwa siku moja. Wakakaa pamoja. Walijua njia mbili tu katika mji ule: moja ya kwenda kanisani na kwa mapadri, nyingine ya kwenda kwa walimu. Njia za michezo na za karamu waliwaachia wengine. Tena walikuwa wakishindana, lakini kwa namna ya ajabu: kila mmoja alitaka mwenziwe awe wa kwanza, kwa kuwa aliihesabu sifa ya mwenziwe kuwa yake. Mwaka 355 alifika hapo kijana mwingine wa ukoo wa kaisari, jina lake Yuliano, yule aliyeikana baadaye imani ya Kristu akiwa mtawala. Vitabu walivyosoma vilikuwa karibu vilevile. Twasema hayo ili wazazi wasidhani kwamba shule peke yake yamfanya mtoto kuwa mkristu. Yafaa kuuliza pia alala chumba kimoja na nani.

Wawili wale walipatana kwamba masomo yakiisha wataishi pamoja maisha ya sala. Siku ya kuondoka, wanafunzi na walimu waliwazunguka wakiwasihi wabaki. Basili alishika neno lake, akaenda. Gregori alishindwa na machozi ya watu, akabaki kwa muda, naye alijiona kama ng'ombe wa nira aliyetengwa na mwenziwe. Halafu akatoka Atene kwa siri, akarudi kwao.

Basili alipokea Batizo, akawatembelea watawa wa Misri, Palestina na Siria, kisha akajenga makao ya sala huko Ponto, kando ya mto Iris. Akamwandikia Gregori akimsifia mahali pale: mlima, msitu, maji, samaki, ndege. Gregori alikwenda. Barua alizoandika baadaye zingalipo, na msomaji hawezi kuzisoma bila kucheka. Asema nyumba haikuwa na paa wala milango, na jiko halikuwa na moto. Mkate ulikuwa mgumu hata meno yaliteleza juu yake, na bustani haikuwa na mboga, ijapokuwa wao wenyewe walivuta mikokoteni ya samadi mpaka shingo na mikono zikapata vidonda. Mama yake Basili, asema, ndiye aliyewaokoa na njaa kwa chakula chake. Halafu, katika barua nyingine, ayageuza maneno yake: alikuwa akitania tu, na sasa atamani siku zile za sala za usiku na za kusoma Maandiko pamoja, kuliko hewa anayoivuta. Rafiki wasioweza kutaniana bado hawajafika mbali.

Tupite upesi miaka iliyofuata. Gregori alipadrishwa na baba yake bila kupenda, mwishoni mwa mwaka 361, akakimbilia kwa Basili, akarudi Nazianzo kwa Pasaka ya mwaka 362. Basili naye alipadrishwa Kaisaria. Askofu wake, Eusebi, alimwonea kijicho. Basili akajitenga ili Eklezya isigawanyike. Gregori ndiye aliyefanya kazi ya kupatanisha: alimwandikia askofu kwa uhodari, bila kumbembeleza, akamwandikia Basili pia amtangulie mzee kwa unyenyekevu. Mwaka 365 wakapatana. Mwaka 369 njaa kubwa iliingia Kapadokia, na Basili aliwahubiri matajiri mpaka ghala zikafunguliwa, akawapikia maskini vyungu vya supu ya dengu, akajifunga kitambaa na kuwahudumia kwa mikono yake.

Mwaka 370 Eusebi alikufa, nayo majaribu ya urafiki yakaanza.

Basili alimwandikia Gregori kwamba yu mgonjwa sana na ataka kumwona kabla hajafa. Gregori alilia, akafunga mizigo, akashika njia. Njiani akaona kwamba maaskofu wanakusanyika Kaisaria kwa ajili ya kumchagua askofu mpya. Akaelewa. Alirudi nyumbani akamwandikia rafiki yake barua ya uchungu: kama kweli ulikuwa ukifa, kwa nini waniita wakati wa uchaguzi? Na kama ni kwa uchaguzi, kwa nini huniambii? Hayo ndiyo maana ya barua ile. Twapata tabu kumtetea Basili hapa. Alikuwa mgonjwa kweli mara nyingi, ini lilimtesa maisha yake yote. Lakini Gregori hakuelezwa jambo lote. Hata hivyo tazameni kilichofuata. Baba yake Gregori, askofu mzee na mgonjwa, alibebwa kitandani mpaka Kaisaria ili sauti yake isipungue, na Basili akachaguliwa. Gregori alikuwa ameandika barua kwa niaba ya baba yake akimtaja Basili kuwa ndiye afaaye. Alikasirikia hila, lakini hakukubali hasira yake iinyime Eklezya askofu mwema.

Sasa tufike Sasima.

Kaisari Valensi, aliyewapenda wafuasi wa Ario, aliigawa Kapadokia kuwa provinsi mbili. Kaisaria ikabaki mji mkuu wa moja, na mji wa Tiana ukawa mji mkuu wa nyingine. Askofu wa Tiana, Antimo, akasema: serikali imegawa nchi, basi na Eklezya imegawanyika, maaskofu wa upande huu ni wangu, na mapato yake ni yangu. Sisi wa Kongo, tulioona provinsi 11 zikigawanywa kuwa 26 mwaka 2015, twajua kwamba mpaka mpya ukichorwa kwenye karatasi, mabishano juu ya nani mkubwa na nani apokee mapato huanza siku ileile. Watu wa Antimo walifikia hata kumzibia Basili njia milimani na kuwakamata nyumbu waliobeba mali ya Eklezya. Gregori alikuwa pamoja naye siku hiyo.

Basili hakuwa mtu wa kukaa na kulia. Aliweka maaskofu wapya katika miji midogo ili wawe upande wake. Ndugu yake alimpeleka Nisa. Na mwaka 372 alimtaka Gregori awe askofu wa Sasima. Baba yake Gregori aliungana na Basili kumsukuma, na Gregori akainamisha kichwa, akawekewa mikono.

Sasima ilikuwa nini? Kituo cha wasafiri palipokutana njia tatu. Hapakuwa na maji wala jani bichi. Palikuwa na vumbi, kelele za magari ya farasi, watoza kodi, watu wa kupita wasio na kwao. Zaidi ya hayo, Antimo alipadai kuwa pake, hata kuingia pale kulihitaji mapigano. Fikirini: mtu aliyeahidiwa tangu ujana maisha ya sala pamoja na rafiki yake, sasa huyo rafiki amtuma kuwa mlinzi wa mpaka kwenye njia kuu. Gregori hakukaa Sasima. Alikimbilia milimani. Basili alimlaumu kuwa mvivu na mzembe. Gregori akajibu kwa barua kali kwamba umefika wakati wa kumwona Basili jinsi alivyo: amepanda kiti kikubwa, na rafiki zake amewageuza kuwa vyombo vya kazi. Aliuliza kama apaswa kupigania vifaranga na watoto wa nguruwe wa watu wengine kana kwamba ni roho za watu.

Nani alikuwa na haki? Wasomaji watagawanyika, nasi wenyewe tumebishana sana juu ya jambo hilo. Basili alitetea Eklezya ya Kaisaria wakati kaisari mzushi alipoikaba. Mwaka uleule 372 alisimama mbele ya liwali Modesto bila kuogopa vitisho vya kunyang'anywa mali, kufukuzwa na kuuawa. Mtu mwenye vita vya namna hiyo huhitaji watu anaowaamini, na ni nani aaminiwaye kuliko rafiki? Hapa ndipo penye hatari. Mkubwa akiwa na kazi ngumu humpa rafiki, si kwa kumdharau, bali kwa sababu ajua hatakataa. Polepole haulizi tena kama rafiki aiweza au kama aitaka. Twaona kwamba Basili alihesabu mapenzi ya Gregori kama fedha iliyo sandukuni mwake, akaitumia. Lengo lake lilikuwa jema. Hata hivyo hakuwa na haki ya kuitumia bila kuuliza. Gregori naye alikubali mikono yao kisha akakimbia, na watu wa Sasima, maskini wale wa njiani, wakabaki bila mchungaji. Yeye pia twaona hakukosa lawama.

Hapa kwetu jambo hilo si geni. Watu wawili wamefundishwa katekismu pamoja, wamesimamiana siku za arusi, wamekopeshana mbegu. Siku moja mmoja amewekwa kuwa mkubwa wa mwenziwe, katika kikundi au kanisani au kazini. Toka siku hiyo mmoja adai utii kwa jina la urafiki, mwingine adai upendeleo kwa jina la urafiki uleule. Baada ya mwaka mmoja hawasalimiani.

Basili na Gregori je? Tusikie tukio jingine la miaka hiyohiyo. Gregori alialikwa kwenye karamu penye watu wengi, na wengi wao walikuwa rafiki. Mmoja aliyevaa kama mtu wa dini alianza kusema. Alikuwa ametoka Kaisaria, kwenye sikukuu ya mfiadini Eupsiki, akamsikia Basili akihubiri. Juu ya Baba na Mwana, alisema, Basili alihubiri vizuri sana. Juu ya Roho Mtakatifu aliteleza, hakutamka wazi kwamba ni Mungu, alipita pembeni kama mto unaouacha mwamba na kuchimba mchanga. Akaongeza kwamba Gregori ndiye hodari, maana yeye husema wazi. Tazameni mtego ule: sifa kwa mmoja ili mwingine aanguke. Ni mtu mgani aliyeumizwa na rafiki yake asiyefurahi kidogo moyoni kusikia maneno kama hayo?

Gregori alimtetea Basili mbele ya wote. Alieleza kwamba askofu wa Kaisaria yu vitani; wazushi wangoja neno moja tu wapate kumfukuza mjini, na akifukuzwa yeye, imani imefukuzwa katika nchi nzima. Ni afadhali aifundishe kweli kwa maneno mengine kuliko kuiangamiza kwa neno moja la haraka. Yeye Gregori ni mtu asiyetazamwa, aweza kusema bila hatari kubwa. Watu wa karamuni hawakupendezwa. Wakasema huo ni woga. Gregori akashikilia maneno yake. Kisha alifanya jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi: alimwandikia Basili habari yote, aliyosemwa na aliyojibiwa, akamwomba amfundishe asemeje siku nyingine.

Msidhani Basili alishukuru. Alijibu kwa uchungu, akishangaa kwamba ndugu zake wasadiki wasingiziaji upesi hivi, na kusema kwamba kama wangekutana mara nyingi zaidi, masengenyo hayo yasingepata mlango. Kwa maneno hayo ya mwisho alisema kweli. Mmoja alikuwa Nazianzo, mwingine Kaisaria, na kati yao palikuwa na Sasima. Halafu, karibu na mwaka 375, Basili alikamilisha kitabu chake juu ya Roho Mtakatifu, ambacho Eklezya yakiheshimu hata leo.

Baba yake Gregori alikufa mwaka 374, na mama yake karibu na wakati huohuo. Gregori, aliyekuwa akimsaidia mzee pale Nazianzo, alijitenga Seleukia kwenye patakatifu pa Mtakatifu Tekla. Huko alipata habari kwamba Basili amefariki, tarehe 1 Januari 379 kama tulivyopokea, akiwa na umri wa karibu miaka 50. Mazishini palisongamana watu hata wengine wakafa katika msongamano; wapagani na Wayahudi walilia pamoja na wakristu. Walikumbuka njaa ya mwaka 369, na ile nyumba kubwa aliyoijenga nje ya mji kwa wagonjwa, wasafiri na wenye ukoma, ambao yeye mwenyewe aliwabusu. Gregori hakuwapo. Alikuwa mgonjwa.

Mwaka huohuo wakristu wachache wa Konstantinopoli waliokuwa wameshika imani ya Nisea walimwita Gregori. Makanisa yote ya mji yalikuwa mikononi mwa wafuasi wa Ario, naye alianza katika nyumba ya jamaa yake, akaiita Anastasia, yaani Ufufuko. Hapo alitoa mahubiri juu ya Utatu ambayo yalimpa jina la Mteolojia. Mwaka 381 maaskofu walikutana katika Mtaguso wa Konstantinopoli, wakamthibitisha kuwa askofu wa mji ule mkuu. Meleti wa Antiokia alipokufa, Gregori akaongoza mtaguso. Lakini maaskofu wa Misri na wa Makedonia walipofika walisema: huyu ni askofu wa Sasima, na sheria ya Nisea yakataza askofu kuhama kiti chake. Sasima tena! Mahali asipokaa, alipopewa na rafiki yake kwa ajili ya ugomvi wa mpaka, paliinuka sasa kumshitaki mbele ya Eklezya yote. Gregori, mgonjwa na mwenye kuchoka, aliwaomba wamtupe baharini kama Yona ili tufani itulie, akajiuzulu, akarudi Kapadokia.

Alipofika Kaisaria, karibu miaka mitatu baada ya mazishi, alisimama kumsifu Basili mbele ya watu wake. Hebu tujiulize sisi tungesema nini. Kuna njia mbili nyepesi. Ya kwanza ni kufuta mabaya yote, kama tufanyavyo katika matanga, ambapo kila marehemu huwa malaika. Ya pili ni kutafuta udhuru wa kutokwenda. Gregori hakufuata hata moja. Alitoa mojawapo ya hotuba ndefu na nzuri kuliko zote za mababa wa Eklezya. Alieleza ukoo wa Basili, Atene na chumba chao, njaa, Modesto, hospitali. Halafu alipofika kwenye Sasima hakuruka. Alisema mbele ya watu wa Basili kwamba jambo hilo moja hawezi kulisifu, kwamba maumivu yake hayajaondolewa na miaka, na kwamba kutoka pale ndipo zilipomwagikia taabu zote za maisha yake. Na papo hapo akampa Basili udhuru wenye heshima: kwamba mtu yule alifikiri mambo makubwa kuliko ya kibinadamu, naye aliheshimu urafiki kila mahali, isipokuwa pale tu alipoona kwamba Mungu apaswa kutangulizwa.

Wengine husema alisamehe nusu tu, kwa kuwa alitaja. Sisi hatuoni hivyo. Mtume Paulo alimpinga Petro uso kwa uso Antiokia na akaandika habari hiyo kwa Wagalata, wala hatusemi kwamba hakumpenda Petro. Kama Gregori angenyamaza juu ya Sasima, watu wa Kaisaria walioijua habari wangedhani sifa nyingine zote ni maneno ya matanga. Kwa kuwa alisema kweli mahali palipouma, waliweza kusadiki kweli mahali pengine. Tena angalieni kwamba neno gumu alilisema akiwa amekwisha kumwandikia Basili mwenyewe lilelile, miaka kumi kabla, alipokuwa hai na aliweza kujibu. Hakungoja afe ili amseme.

Miaka yake ya mwisho Gregori aliishi kwenye shamba la ukoo pale Arianzo, akiandika mashairi na barua, mpaka alipokufa karibu na mwaka 390. Wakati huo kijana mmoja wa jamaa yake, Nikobulo, alimwomba barua zake zikusanywe pamoja, apate kujifunza kuandika vizuri. Mzee akakubali, akazikusanya. Lakini alichanganya humo barua za Basili, akaziweka mbele, na zake nyuma yake. Alimweleza kijana kwamba sikuzote alimtanguliza Basili mkuu kuliko nafsi yake, ingawa Basili mwenyewe angaliona kinyume. Naye alitaka wawili hao waonekane wameungana kila mahali.